Abebe Bikila: Bingwa aliyeendelea kushindana baada ya miguu kupooza

MASHABIKI wa riadha katika maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet huukumbuka mwaka wa 1964 kwa fahari. Oktoba mwaka huo, mjini Tokyo, mwana wa Kericho, marehemu Wilson Kiprugut, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ile ya shaba katika mbio za mita 800. Katika michezo iyo hiyo, jirani kutoka Ethiopia aliustaajabisha ulimwengu, na maisha yake yangali funzo kwa kila mwanariadha anayeuguza jeraha.

Abebe Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato. Alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, ambako kipawa chake kilinolewa na kocha Onni Niskanen wa Uswidi. Septemba 10, 1960, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, ambao ulikuwa rekodi ya dunia.

Wiki chache kabla ya michezo ya Tokyo alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kidole tumbo. Hata hivyo, Oktoba 21, 1964, alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia, na kuwa mtu wa kwanza kutwaa dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1968 mjini Mexico City. Jeraha la mguu lilimlazimu kujiondoa kabla ya kufika nusu ya safari, na Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, akaibuka mshindi. Machi 1969, Bikila alipata ajali akiendesha gari lake. Alitibiwa kwa miezi kadhaa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mikono ilirudiwa na nguvu, lakini hakutembea tena.

Kwa mtu ambaye miguu ilikuwa riziki na jina lake, pigo hilo lingetosha kumtumbukiza katika simanzi isiyo na mwisho. Bikila hakujifungia nyumbani. Mwaka wa 1970 alishindana kulenga shabaha kwa upinde katika michezo ya walemavu ya Stoke Mandeville, na mwaka uliofuata akashiriki mbio za sleji nchini Norway. Mwaka wa 1972 alialikwa Munich kuwa mgeni wa heshima wa Olimpiki, akiwa katika kiti cha magurudumu.

Alifariki Oktoba 25, 1973, kutokana na kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 41, na Ethiopia ikaomboleza kitaifa.

Mkimbiaji wa Kericho au Bomet anayelazwa na jeraha leo ana sababu ya kumkumbuka. Bikila alipoteza miguu, lakini hakuupoteza moyo wa kushindana.