Nyoka Waliommeza Patrick

Kila inapowadia Machi 17, watu wa Ireland, pamoja na wengine chungu nzima wasio na hata tone la damu ya Ireland, huvaa kijani na kumiminika barabarani kumwadhimisha Mtakatifu Patrick, msimamizi wa taifa hilo. Hapa kwetu jina lake si geni. Limebebwa na ile shule ya upili ya Iten iliyoasisiwa na mabruda kutoka Ireland, ambayo wanariadha wake wamevuma ulimwenguni kote. Mapadre wa shirika lenye jina lake, lililoundwa Machi 17, 1932, walipelekwa kuhudumu Kitui na Turkana. Hata hivyo, kila ninapowauliza wanafunzi Patrick alikuwa nani, wale wachache walio na jibu huniambia kwamba ndiye aliyewafukuza nyoka Ireland. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuishika kalamu, maana naona nyoka hao wamemmeza mtu mwenyewe.

Na tumalizane nao kwanza. Tangu enzi ya barafu kuu ilipokoma, Ireland haijapata kuwa na nyoka wa kufukuzwa, kwa kuwa bahari iliitenga kabla hawajafika. Mwandishi wa Kirumi, Solinus, alikwisha kulisema jambo hilo katika karne ya tatu, Patrick akiwa bado hajazaliwa. Ama kuhusu shamroki, ule mmea wa majani matatu ambao yasemekana aliutumia kufafanulia fumbo la Utatu, hautajwi popote katika maandishi yake. Kisa hicho kilianza kuandikwa katika karne ya 18. Siwaombi walimu wavitupe visa hivi, kwani visasili vina mahali pake darasani. Ninachodai ni kwamba visichukue nafasi ya historia.

Historia yenyewe tunayo kwa mkono wake Patrick. Ametuachia maandishi mawili ya Kilatini: ungamo la maisha yake, na barua kwa askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus. Humo twasoma kwamba alizaliwa Uingereza, wakati dola ya Rumi ikififia huko. Babake, Calpornius, alikuwa shemasi na diwani, na babu yake alikuwa kasisi. Kijana mwenyewe hakuijali dini. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16, wavamizi walimteka pamoja na maelfu ya watu, wakawavusha bahari hadi Ireland. Huko alikuwa mtumwa kwa miaka 6, akichunga mifugo katika mvua na theluji, akisali hata mara mia kwa siku. Ndipo usiku mmoja akasikia sauti ndotoni ikimwarifu kwamba jahazi lake li tayari. Akatoroka, akasafiri mwendo wa maili 200 hivi hadi pwani, na baada ya kukataliwa kwanza, mabaharia wakampakia.

Wengi wetu tungeishia hapo na kumshukuru Mungu. Patrick alirudi. Aliota ndoto nyingine, akawasikia watu wa Ireland wakimwita, na ingawa jamaa zake walimsihi asiwaache tena, hatimaye alikwenda, akiwa askofu, kuwahubiria watu wa nchi ileile iliyomtumikisha. Wakubwa wa Kanisa kwao walimshuku. Rafiki yake wa dhati aliifichua dhambi aliyokuwa ameitenda ujanani na kumwungamia kwa siri. Jambo linalonigusa zaidi, nami naamini litawagusa walimu, ni aibu aliyoionea lugha yake. Utekwa ulimkatizia masomo, na hadi uzeeni alijua kwamba wasomi wangekicheka Kilatini chake. Akaandika vivyo hivyo.

Barua ile kwa askari wa Coroticus ndiyo ningependa isomwe mashuleni. Askari hao, waliojiita Wakristo, walikuwa wamewavamia waumini waliotoka kubatizwa, mafuta matakatifu yangali kwenye vipaji vya nyuso zao. Waliwaua baadhi yao na kuwauza wengine utumwani. Patrick alimtuma kasisi aliyemlea na kumfundisha tangu utotoni akawaombe mateka, wakamcheka. Ndipo akaandika, akawatenga na Kanisa, akakataza mtu yeyote kula wala kunywa nao hadi wawaachilie watu huru. Sijui maandishi mengi ya karne ya tano yanayoushutumu ukamataji wa watu kwa ukali kama huo, tena ya mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe.

Sherehe zake nazo zina historia. Kwa muda mrefu Ireland iliifanya Machi 17 kuwa siku ya kanisani, pumziko katikati ya Kwaresima. Ikawa sikukuu ya umma mwaka 1903, na kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 vilabu vya pombe vilifungwa siku hiyo kwa amri ya sheria! Gwaride na mbwembwe zilishamiri kwanza Marekani, miongoni mwa wahamiaji; New York ilikuwa na gwaride lake tangu 1762.

Miaka 6 baada ya gwaride hilo, katika kisiwa cha Montserrat huko Karibi, mabwana wa mashamba ya miwa wenye asili ya Ireland walijiandaa kumwadhimisha Patrick kama ilivyokuwa ada yao. Waafrika waliokuwa watumwa wao walipanga kuasi siku hiyohiyo, Machi 17, 1768, mabwana wakiwa wamezama ulevini. Siri ikavuja, na watumwa tisa wakauawa. Sina hakika kama kulikuwa na bwana hata mmoja kati ya wale aliyewahi kusikia habari za barua ya Coroticus. Montserrat iliifanya Machi 17 kuwa sikukuu ya umma mwaka 1985, na wakazi wa huko huwakumbuka siku hiyo Waafrika waliopanga uasi ule.