Bertha Benz: Mama aliyetibu gari njiani kwa pini ya kofia

Kama umewahi kuendesha gari la zamani, unajua hiyo hali. Uko njiani, mara injini inaanza kumisi. Inakohoa, nguvu zinapungua, baadaye kimya. Fundi mzoefu hujiuliza mambo mawili kwanza: mafuta yanafika? Moto wa plagi upo?

Mtu wa kwanza kukutana na maswali hayo kwenye safari ndefu ya gari alikuwa mama wa watoto wanne, Agosti 1888.

Bertha Ringer alizaliwa 3 Mei 1849 mjini Pforzheim, Ujerumani. Kabla hata ya kuolewa na mhandisi Carl Benz mwaka 1872, fedha ambazo familia yake ilimtengea kwa ajili ya ndoa alizitumia kuokoa karakana ya mchumba wake.

Mwaka 1886 Carl alipata hataza ya gari la matairi matatu. Jina la Bertha halikuwemo. Shida ikawa wateja: watu walilishangaa gari, ila kulinunua hawakutaka. Fedha za familia zilikuwa zimezama humo.

Basi asubuhi moja, bila kumuaga mumewe, Bertha alitoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen (15) na Richard (13). Walikuwa wanaenda kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Kabla ya hapo magari yalikuwa yakijaribiwa kwa safari fupi tu.

Vituo vya mafuta havikuwepo. Huko Wiesloch alinunua ligroini kwenye duka la dawa, ambako watu waliinunua kama dawa ya kutoa madoa.

Kisha matatizo yakaanza. Paipu ya mafuta ikaziba. Bertha akachomoa pini ya kofia yake, akaizibua. Waya wa umeme wa kuwashia injini nao ukaleta shida, maana waya ukichubuka unapiga shoti na cheche inapotea. Akavua mkanda wa soksi yake, akaufunga pale.

Ukiangalia vizuri, hakubahatisha. Kila tatizo alilifuata kwenye chanzo chake: mafuta upande huu, umeme upande ule. Miaka yote ya kukaa karakanani na mumewe haikwenda bure.

Mnyororo ulipozingua, mhunzi akausaidia. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu akazivisha ngozi. Vilimani, wavulana walishuka kusukuma.

Jioni walifika, wakampelekea Carl telegramu. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa gari hilohilo.

Safari ile ilifanya gari lizungumzwe, na pia ilionyesha kasoro zake. Carl aliongeza gia ya kupandia milima kutokana na yaliyowapata njiani. Kufikia mwisho wa karne hiyo, kampuni ya Benz ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa magari duniani.

Carl alifariki 1929. Bertha alisubiri hadi alipotimiza miaka 95 ndipo chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kikampa heshima rasmi. Siku mbili baadaye, 5 Mei 1944, alifariki mjini Ladenburg.

Siku gari lako la zamani likimisi, usikimbilie kubadilisha vifaa. Anza na paipu ya mafuta, kisha fuata waya za plagi.