Rachel Carson na wadudu walioshinda dawa

Msimu uliopita nilituma hela nyumbani mara tatu kwa ajili ya dawa ya nyanya. Mjomba wangu analima Ilula, Iringa, na shamba lake lilivamiwa na kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na kutoboa matunda, aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Mara ya kwanza dawa ilisaidia kidogo. Mara ya pili akaongeza kipimo. Mara ya tatu akabadilisha dawa, akanunua yenye jina jingine na chupa ya rangi nyingine. Mdudu wala hakushtuka. Nyanya zikaoza, na mimi huku nikabaki nahesabu pauni zangu.

Mimi ni mtu wa mitambo, habari za wadudu si zangu. Lakini hasira ilinipeleka maktaba, na huko nikakutana na mwanamke mmoja Mmarekani aliyekwisha kufa tangu 1964. Wengi wetu tunamfahamu kama yule aliyepinga DDT, basi. Kumbe alikuwa na neno jingine, na neno hilo ndilo lililomhusu mjomba.

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania. Kwao hakukuwa na fedha. Mama yake, Bi Maria, alimzoesha kutembea porini na kuwajua ndege na wadudu. Mtoto akapenda kuandika mapema, na hadithi yake ya kwanza ilichapishwa gazetini alipokuwa na miaka kama 11 hivi. Chuoni alianza na Kiingereza, kisha akahamia biolojia, akamaliza mwaka 1929. Mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili ya zuolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Sasa hapa ndipo wasomaji wa gazeti hili mtamwelewa. Alikuwa ameanza kusomea PhD, lakini mwaka 1934 akaacha, kwa sababu familia ilimtegemea na hela hazikutosha. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Mwaka 1937 dada yake naye akafariki na kuacha mabinti wawili, na mzigo wote ukawa wa Rachel na mama yake. Nani kati yetu hajui simu ya aina hiyo kutoka nyumbani? PhD hakuirudia tena.

Alipata kazi katika idara ya serikali ya uvuvi, kwanza kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa majini, na kuanzia 1936 akiwa mwajiriwa kamili. Mchana alihariri ripoti za serikali, usiku aliandika vitabu vyake kuhusu bahari. Kitabu chake cha mwaka 1951, The Sea Around Us, kiliuzwa sana hata akaweza kuacha kazi mwaka uliofuata na kuishi kwa kalamu. Mwaka 1957 mmoja wa wale mabinti aliowalea akafariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitano. Rachel, akikaribia miaka 50 na bila mume, akamchukua akamlea.

Wakati huo DDT ilikuwa dawa ya miujiza. Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Mjini Naples, Italia, majira ya baridi ya 1943 hadi 1944, watu walipuliziwa unga wake, chawa wakafa na homa ya chawa ikazimwa. Baada ya vita ikamwagwa kila mahali: mashambani, misituni, hata mitaani. Mwaka 1958 Rachel alipata barua ya rafiki yake wa Massachusetts, aliyeona ndege wakifa baada ya ndege ya kunyunyizia kupita kuua mbu. Akaanza kukusanya ushahidi. Ilimchukua miaka minne, na katikati yake, mwaka 1960, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Watu wengi wanakumbuka habari za ndege na sumu. Lakini karibu na mwisho kuna sura nzima kuhusu wadudu wanaokuwa sugu. Alieleza kwamba DDT ile ile iliyowamaliza chawa wa Naples haikuwatisha chawa wa askari wa Korea majira ya baridi ya 1950 na 1951. Alionyesha kwamba kabla ya DDT ni aina kama kumi na mbili tu za wadudu zilizojulikana kushinda dawa, lakini kufikia 1960 zilikuwa 137. Leo zimepita 600.

Na sababu yake ni rahisi, jamani. Tunasema mdudu amezoea dawa, lakini si yeye aliyezoea. Katika mamilioni ya wadudu shambani, wachache wamezaliwa na uwezo wa kuivunja sumu mwilini. Ukipiga dawa, dhaifu wote wanakufa, wale wachache wanabaki na shamba zima peke yao. Wanazaana wao kwa wao. Ukirudia dawa ile ile, unawachagulia tena. Sisi wahandisi tukiona daraja linatikisika tunaongeza nondo, na mzigo haubadiliki kwa sababu ya nondo. Mdudu anabadilika kwa sababu ya dawa. Ule usemi wetu kwamba dawa ya moto ni moto hapa haufai kitu.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Wapo waliosema si mwanasayansi hasa, wapo waliosema anataka dunia irudi kwenye njaa na malaria. Hakusema hivyo. Hakutaka dawa zote zifutwe, alitaka zitumike kidogo na kwa akili, na wadudu adui wa wadudu waachwe wafanye kazi yao. Aliona kwamba anayemwaga dawa ovyo ndiye anayeiua dawa yenyewe, na siku ya ugonjwa wa kweli itakuwa haifanyi kazi. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy ilitoa ripoti iliyomuunga mkono kwa mengi, na Juni mwaka huo alitoa ushahidi mbele ya Seneti, mgonjwa, saratani yake akiwa ameificha kwa watu. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Kwa malaria bado inaruhusiwa kimataifa pale inapohitajika.

Kilichonichekesha ni hiki. Mwaka 1984, miaka 22 baada ya kitabu, kampuni zenyewe za viuatilifu ziliunda kamati yao ya kupambana na usugu, IRAC. Kamati hiyo imezipanga dawa katika makundi yenye nambari, kufuatana na namna zinavyomuua mdudu. Nikamwomba mjomba anipigie picha chupa zake mbili, nikatafuta viambato vyake. Majina mawili, kundi moja! Yaani alibadilisha chupa, hakubadilisha dawa.

Basi msimu huu tumekubaliana. Kupulizia ni pale anapokagua na kuona wadudu wamefika kiwango cha kuleta hasara, si kwa kufuata kalenda. Kipimo ni cha kwenye kibandiko, asizidishe wala asipunguze. Kizazi cha wadudu kikipigwa kundi moja, kinachofuata kipigwe kundi jingine. Masalia ya nyanya yang'olewe na kuharibiwa, na msimu mmoja apande mahindi mahali pale. Mitego ya harufu ya kunasa madume aitundike mapema. Sijui kama nyanya zote zitapona, lakini hela ya dawa nimetuma mara moja tu.

Wenzangu mnaosoma hapa mkitumiwa ujumbe wa kuomba hela ya dawa, kabla ya kutuma ulizeni kwanza: iliyopigwa mwisho ilikuwa kundi gani? Kila la heri na mitihani.