Alice Hamilton, Daktari Aliyefuata Vumbi la Risasi

Alice Hamilton hakuwa na sheria ya kumwingiza kiwandani. Mwaka 1910 jimbo la Illinois, Marekani, lilimkabidhi uchunguzi wa magonjwa ya kazini, lakini mlangoni ilibidi abishe hodi kama mgeni yeyote na kuomba kuzungushwa.

Alizaliwa New York mwaka 1869 na kupata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Alipokwenda Ujerumani kujiendeleza, aliruhusiwa kuingia darasani ilimradi asionekane sana. Kuanzia 1897 aliishi Chicago, Hull House, nyumba ya huduma ya Jane Addams iliyokuwa katikati ya wahamiaji maskini. Majirani ndio waliomsimulia habari za wanaume wanaorudi kazini wamepauka, wanajikunja kwa maumivu ya tumbo, viganja vinaning'inia haviinuki. Ilikuwa sumu ya risasi, yaani hayo hayo madini yanayotengenezea risasi za bunduki.

Mabosi walikuwa na jibu lao: wafanyakazi hawanawi mikono, tena walevi. Kumbukumbu za hospitali nazo hazikueleza mgonjwa alifanya kazi gani. Basi Hamilton akaenda majumbani. Akaongea na wake zao, wauza dawa, mapadri. Akamkuta Mhungaria mmoja wa miaka 36 aliyesaga rangi ya risasi kwa miaka saba. Alikuwa mifupa mitupu, ungedhani ana karibu mara mbili ya umri huo. Hatimaye akaorodhesha kazi zaidi ya 70 zinazotumia risasi, na akaonyesha kwamba kinachoua zaidi ni vumbi na moshi unaovutwa. Sasa hapo sabuni itakusaidia nini?

Napenda jinsi alivyobishana. Mkuu mmoja wa kampuni ya risasi alikataa kuamini kwamba watu wake wanaumia, akamwambia alete ushahidi. Hamilton hakugomba wala hakumtangaza ubaya. Akarudi na wagonjwa 22, wote wa kulazwa hospitali, na bosi yule akakubali kuziba vumbi na kuajiri madaktari.

Baadaye akaingia viwanda vya betri. Betri za aina ile bado tunazo, kwenye magari na kwenye UPS za maabara za kompyuta. Risasi imo pia kwenye vioo vya televisheni za kichogo, na kwenye ulehemu wa saketi za redio na simu za zamani. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye vifaa vipya mwaka 2006 tu. Kifaa kikiwa kizima hakina neno. Kikivunjwa, kikichomwa au betri ikiyeyushwa uani, linarudi vumbi lile lile la Hamilton, na mtoto anayecheza hapo ndiye anayeumia zaidi, tena kwenye ubongo. Kwa sisi tunaosomea ualimu, huyo ndiye atakayekaa mbele yetu na kuitwa mzito.

Mwaka 1919 Harvard ilimwajiri, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Masharti sasa: asiingie klabu ya wahadhiri, asidai tiketi za mpira, asiandamane kwenye mahafali. Jamani, hata mpira! Alistaafu 1935 akiwa bado na cheo kile kile cha chini.

Kuna vita alishindwa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa risasi iliyokuwa inatiwa kwenye petroli. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa serikali Washington, Hamilton alipinga petroli hiyo na kusema mbadala utafutwe. Hakusikilizwa. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Wengi wetu tunaosoma sasa tulizaliwa ikiwa bado inauzwa.

Alifariki Septemba 1970, akiwa na miaka 101. Desemba mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya usalama kazini, na wakaguzi wakapewa haki ya kuingia kiwandani bila kumbembeleza mtu.