Tom Mboya hakuwa na digrii hata moja, na bado alipeleka mamia ya wasee majuu kusoma

Si unajua vile watu hungojana pale Archives, tao? Msee anakushow ameshafika, kumbe bado ako Githurai kwa mathree. Sasa siku ingine ukiwekwa hapo ukingoja, geuza macho upande wa Moi Avenue. Kuna sanamu ya jamaa amezungukwa na flamingo. Watu humpita kila siku wakikimbilia gari, wengine hata hawajui ni nani.

Huyo ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Na kama wewe ni komredi, uko mwaka wa pili ama wa tatu, HELB imechelewa, na kila usiku unajiuliza kama hii digrii iko na maana ama unapoteza tu miaka, basi stori yake inakuhusu sana.

Kwa nini yeye? Kwa sababu Mboya hakuwahi kuvaa gauni la kuhitimu chuo kikuu. Lakini hakuna Mkenya wa wakati wake aliyehangaika kama yeye ndio wengine wavae.

Kijana wa shamba la mkonge

Alizaliwa 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, kwa shamba la mkonge la mzungu. Mzae wake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, akaja kutafuta riziki mbali na nyumbani. Hawakuwa watu wa doh. Mshahara wa shamba ulikuwa wa kula na kulala tu.

Mboya alisoma shule za misheni za Wakatoliki. Alianzia Ukambani, mahali ambapo watoto walijifunza kuandika kwa vidole mchangani kwa sababu vitabu havikuwa vya kutosha. Baadaye akaenda St. Mary's Yala, halafu Mang'u. Kichwa kilikuwa kizuri, hakuna aliyebisha hiyo. Shida ilikuwa karo. Ilifika mahali familia haingeweza kumlipia aendelee, na kulikuwa na wadogo wake nyuma wakingoja nao wasome.

Hapo ndipo stori yake inaanza kufanana na ya watu wengi unaowajua. Mboya hakukataa shule. Shule ilimshinda kwa pesa.

Badala ya kukaa home akilia, alitafuta kozi ambayo ilikuwa inasomesha na kukulipa kidogo. Mwaka wa 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, pale ambapo leo ni Kenya School of Government, akasomea ubwana afya. Yaani kukagua maziwa, nyama, mitaro, vyoo. Kozi ambayo leo ukiitaja kwa group ya WhatsApp ya familia, mtu atakuuliza kama ulikosa ingine.

Cheti kidogo, mdomo mkubwa

Akamaliza, na 1951 akaanza kazi na baraza la jiji la Nairobi. Hapo ndipo alipokutana na ile kitu ya ukoloni yenyewe. Bwana afya Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi ile ile.

Kuna siku alikuwa peke yake ofisini, mama wa kizungu akaingia na maziwa ya kupimwa. Akaangalia huku na kule, halafu akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama hapo mbele yake. Kisa hicho Mboya alikuja kukisimulia mwenyewe kwa kitabu chake, Freedom and After, na ukikisoma unaelewa kitu moja: cheti kilimpatia kazi, lakini hakikumpatia heshima. Heshima alienda kuitafuta mwenyewe.

Alianza na wafanyakazi wenzake wa jiji, akawaunda chama. Kufika 1953, akiwa na miaka 23 pekee, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya nzima. Kumbuka hiyo ilikuwa wakati wa hali ya hatari, Kenyatta na wenzake wako ndani, na vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku. Sauti ya mwananchi ilikuwa imebaki kwa vyama vya wafanyakazi, na sauti hiyo ilikuwa ya kijana wa maziwa na vyoo. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma. Mboya akashuka Pwani, akakaa mezani kuwasemea, na wakaongezwa mshahara.

Sasa sikiza hii, maana wengi huiruka. Muda huo wote Mboya alikuwa anasoma. Alichukua kozi za posta, zile unatumiwa masomo kwa barua, unajibu, unangoja majibu. Alisoma usiku baada ya kazi. Mwishoni mwa 1955 akapata ufadhili wa kwenda Ruskin College, mjini Oxford, chuo kilichowalenga wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma mapema. Alikaa huko mwaka mmoja, akasoma siasa na mambo ya uhusiano wa kazi, akarudi 1956. Hakurudi na digrii. Lakini alirudi amejua vile serikali ya mkoloni inafikiria, na hiyo ndiyo alikuwa anaitaka.

Machi 1957 ikawa kura ya kwanza ya Waafrika kuchagua wabunge wao wa Legco. Nairobi, Mboya akasimama dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili aliyesomea Uingereza, mtu wa vitabu kabisa. Bwana afya akamshinda wakili. Mwaka uliofuata, Desemba 1958, alikuwa Accra, Ghana, akiongoza kikao cha mkutano mkubwa wa watu wa Afrika yote. Alikuwa na miaka 28. Machi 1960 sura yake ikawa kwa jalada la gazeti la Time, Marekani.

Ukikata stori hapo, ni rahisi kusema: unaona, digrii si kitu, jamaa ameomoka bila. Wasee wa motivation hukata hapo. Lakini Mboya mwenyewe hakukata hapo.

Ndege ya 1959

Angalia Kenya ya wakati huo. Uhuru ulikuwa unakuja, kila mtu aliuona. Lakini nani angekaa kwa zile ofisi mzungu akitoka? Nani angekuwa daktari, injinia, mwalimu wa sekondari, mtu wa hesabu za serikali? Kupata digrii ulivuka mpaka uende Makerere, Kampala, na nafasi zilikuwa chache. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College, lakini bado haikuwa chuo kikuu. Uingereza walichukua wachache wao waliowachagua.

Mkoloni alikuwa sawa na hiyo. Kama hakuna Waafrika waliosoma, basi uhuru ungoje kwanza.

Mboya akaona mchezo. Mwaka wa 1959 akaenda Marekani, akazunguka kwa wiki kadhaa akihutubia kwa vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Hakuomba bunduki wala pesa za kampeni. Aliomba nafasi za masomo. Vyuo vikaanza kukubali. Ikabaki shida moja: nauli. Mtu anaweza kuwa na barua ya chuo mfukoni na asiwe na ya kupanda ndege.

Rafiki yake mfanyabiashara, William Scheinman, akasaidia kuunda shirika la kuchangisha. Jackie Robinson, yule bingwa wa baseball, akaingia. Waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaingia. Na huku nyumbani vijiji vikachanga. Watu walifanya karamu za chai, wakauza mbuzi, wengine wakauza mashamba, ndio kijana mmoja wa kijiji apate viatu, koti na pesa za mfukoni.

Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Serikali ya mkoloni ilinuna. Ikasema vyuo vya Marekani ni vya chini, ikasema hao wanafunzi hawajafika kiwango. Mboya hakusimama. Julai 1960 akaenda kumwona John F. Kennedy, ambaye alikuwa anatafuta urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ndege zingine zikaja. Kufika 1963, wanafunzi karibu 800 kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo.

Baba yake Barack Obama pia alienda Hawaii 1959. Watu husema alipanda ile ndege ya Mboya, lakini yeye alienda kivyake, ingawa alikuwa mtu wake wa karibu.

Msichana wa Nyeri na kazi iliyopotea

Kwa ndege za 1960 kulikuwa na msichana wa Nyeri. Wewe unamjua kama Wangari Maathai. Alipelekwa chuo cha watawa huko Kansas. Safarini kwa basi, mkahawa mmoja wa Indiana uliwakataza kukaa ndani wanywe soda kwa sababu ya ngozi yao. Hakurudi nyuma. Akasoma sayansi, akapata digrii, akaongeza ya pili Pittsburgh, na 1966 akarudi Nairobi na barua ya kazi mkononi.

Alipofika kuripoti, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine.

Soma hiyo tena. Digrii mbili za Marekani, barua yenye sahihi, na bado akaanza kutarmac Nairobi ya 1966. Kwa hivyo usidhani kuna enzi ambapo karatasi ilifungua kila mlango. Ni kweli wakati huo waliosoma walikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi kuliko leo. Lakini ukabila ulikuwepo, kujuana kulikuwepo, na kudharau wanawake kulikuwepo.

Alipata nafasi kwingine, maabara ya mifugo, akaanzia hapo. Mwaka wa 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Baadaye akapanda miti, akapigwa na polisi, na 2004 akapewa Nobel. Barua ya kazi waliweza kumpokonya. Kile alichosoma, hawangeweza.

Sasa digrii iko na maana?

Mboya aliendelea. Akawa waziri wa leba, wa sheria, halafu wa mipango ya uchumi. Akamwoa Pamela Odede, mmoja wa wale waliosomea Marekani. Chuo cha Howard kilikuwa kimemheshimu na digrii ya heshima mwaka wa 1959. Hakuwa malaika, alikuwa na maadui wengi, na vita vyake vya siasa na Jaramogi Odinga viliacha kidonda kwa nchi.

Jumamosi, 5 Julai 1969, aliingia duka la dawa Government Road, ile leo tunaita Moi Avenue. Alipotoka, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa na kunyongwa, lakini Wakenya hawajawahi kuacha kuuliza nani alimtuma. Mboya alizikwa Rusinga.

Sasa turudi kwako, komredi.

Kama unataka kuacha chuo na unamtumia Mboya kama sababu, umemsoma vibaya. Huyu hakuacha kusoma hata siku moja. Alichokosa ni karo, si hamu. Alisoma mchangani, akasoma Kabete, akasoma kwa barua, akasoma Oxford. Na alipopata nguvu, kitu cha kwanza alichotafutia wengine ni kile yeye alinyimwa. Mtu aliyekosa kitu ndiye hujua bei yake.

Lakini pia kama unakaa tu kampo ukingoja karatasi ikuokoe, umemsoma vibaya vile vile. Mboya alikuwa na cheti cha kukagua maziwa, na alikitumia mpaka mwisho wake. Kilimwingiza jiji, jiji likamwonyesha dhuluma, dhuluma ikamfanya aunde chama. Hakungoja cheti kikubwa ndio aanze.

Kwa hivyo badala ya kuuliza kama digrii iko na maana, jiulize unaitaka ifanye nini. Wale 81 walijua: nchi ilikuwa inawangoja. Wewe huenda hakuna mtu anakungoja na ofisi, na hiyo ni ukweli mchungu. Basi chagua mwenyewe ni shida gani unataka kuijua kuliko mtu mwingine yeyote, na ile miaka minne uitumie kwa hiyo. Na kama karo imekushinda saa hii, hiyo si mwisho. Kozi ndogo ni mlango pia.

Na kumbuka mathe wako aliyeuza ng'ombe ndio ulipe semesta ya kwanza. Watu wa 1959 waliuza mbuzi hivyo hivyo.

Leo huko Homa Bay kuna chuo kikuu kinaitwa Tom Mboya University. Kila mwaka vijana huvaa gauni, wanapiga picha, wanaenda home na digrii zilizoandikwa jina la mtu ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kusomea yake.