Juvénal Habyarimana: Mwana wa Gisenyi aliyetaka serikali iwe mzazi wa kila Mnyarwanda

Juvénal Habyarimana, aliyeitawala Rwanda kwa karibu miaka 21, aliamini kwamba serikali ina wajibu wa kumwongoza raia katika takriban kila jambo: zao analolima, mahali anapoishi, chama anachokitii na siku anayofanya kazi bila ujira. Imani hiyo iliiletea nchi barabara, shule na utulivu uliosifiwa na wafadhili wa kigeni. Imani hiyo hiyo ilijenga mfumo wa utawala ambao mwaka 1994 uligeuzwa kuwa chombo cha kuwaangamiza raia.

Alizaliwa tarehe 8 Machi 1937 katika eneo la Rambura, kwenye milima ya uliokuwa mkoa wa Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda. Familia yake ilikuwa karibu na parokia ya Wakatoliki ya hapo. Alisoma sekondari mjini Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kisha akaanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Misukosuko ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 ilimrudisha nyumbani, akaingia katika chuo cha maofisa wa jeshi mjini Kigali.

Kanisa na jeshi vilimlea katika fikra moja iliyomkaa maisha yake yote: jamii njema ni ile yenye nidhamu, ambamo kila mtu anajua nafasi yake na amri hushuka kutoka juu hadi chini. Alipanda vyeo kwa kasi. Mwaka 1963 alikuwa mkuu wa majeshi, na miaka miwili baadaye akawa waziri katika serikali ya Rais Grégoire Kayibanda.

Mapinduzi ya mwaka 1973

Mapema mwaka 1973, Watutsi wengi walifukuzwa mashuleni na makazini, na mivutano kati ya wanasiasa wa kaskazini na wa kusini ikazidi. Tarehe 5 Julai mwaka huo, Habyarimana alimpindua Kayibanda na kujitambulisha kwa wananchi kama mleta amani na umoja. Wengi walipumua. Hata hivyo, makumi ya viongozi wa utawala uliopinduliwa walikufia kizuizini katika miaka iliyofuata. Kayibanda mwenyewe alifariki dunia mwaka 1976 akiwa chini ya ulinzi.

Tarehe 5 Julai 1975, Habyarimana aliunda chama cha MRND, vuguvugu la mapinduzi kwa ajili ya maendeleo. Katiba ya mwaka 1978 ilikifanya kuwa chama pekee, na kila Mnyarwanda akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Fikra hiyo haikuwa ngeni katika ukanda huu. Jirani wa Gisenyi, Zaire ya Mobutu Sese Seko, ilikuwa na utaratibu kama huo kupitia chama cha MPR, na Tanzania nayo ilikuwa na chama kimoja na mabalozi wa nyumba kumi. Neno nyumbakumi lilivuka hadi Rwanda likiwa bado la Kiswahili. Mwaka 1976, mjini Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoweka makao yake makuu mjini humo.

Dola ndani ya kila nyumba

Katika fikra za Habyarimana, Mnyarwanda halisi alikuwa mkulima, na maendeleo yalikuwa matunda ya jembe. Hata bunge liliitwa Baraza la Taifa la Maendeleo. Umuganda, desturi ya zamani ya majirani kusaidiana, uligeuzwa kuwa wajibu wa kisheria: nusu siku kila wiki, watu walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, walitengeneza barabara na kujenga shule. Mkulima alikatazwa kung'oa mibuni yake. Aliyetaka kuhamia komuni nyingine alihitaji kibali. Wakuu wa komuni waliteuliwa na rais mwenyewe, na chini yao palikuwa na viongozi wa sekta na wa seli, hadi kwenye kaya.

Mzazi huyo hakuwapenda watoto wake wote sawa. Vitambulisho vilivyoonyesha kabila, urithi wa utawala wa Wabelgiji, vilibaki. Watutsi waliwekewa kiwango maalumu katika shule na ajira. Mwaka 1986 chama kilitangaza kwamba nchi imejaa, haiwezi kuwapokea wakimbizi waliokuwa wakiishi uhamishoni tangu mwaka 1959. Wahutu wa kusini nao walilalamika kwamba vyeo vinakwenda Gisenyi na Ruhengeri, na kwamba uamuzi halisi uko mikononi mwa kundi dogo la jamaa wa mkewe, Agathe Kanziga, lililoitwa Akazu.

Katika uchaguzi wa miaka ya 1978, 1983 na 1988 hakuwa na mpinzani. Kura zilizokaribia asilimia 100 zilimwonyesha nchi yenye kauli moja. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa na mahali pa kusemea kauli nyingine.

Imani yayumba

Mwaka 1989 bei ya kahawa iliporomoka katika soko la dunia, na njaa ikazuka kusini mwa nchi. Serikali iliyoahidi kumtunza kila mtu ilijikuta haina fedha. Tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF, wengi wao wakiwa wakimbizi na watoto wa wakimbizi, waliingia kutoka Uganda. Katiba mpya ya Juni 1991 iliruhusu vyama vingi, na wakulima wengi waliususia umuganda.

Tarehe 4 Agosti 1993, Habyarimana alitia saini Mkataba wa Arusha wa kugawana madaraka. Aliyetia saini kwa upande wa RPF alikuwa Alexis Kanyarengwe, ofisa aliyeshiriki naye mapinduzi ya mwaka 1973 kabla ya kukimbilia uhamishoni. Lakini wenye msimamo mkali katika kambi ya rais waliukataa mkataba huo, huku Interahamwe, vijana wa chama chake, wakipewa mafunzo na silaha.

Tarehe 6 Aprili 1994, ndege yake iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilitunguliwa ilipokaribia Kigali. Alifariki pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wengine waliokuwamo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza usiku huo huo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa waliouawa walifika 800,000, na Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja. Katika sehemu nyingi amri zilipita njia zile zile za mkoa, komuni, sekta na seli zilizokuwa zikiwaita watu kwenye umuganda. Kuua kuliitwa kufanya kazi. Mjini Gisenyi, watu walipelekwa makaburini na kuuawa, mahali ambapo leo pana kumbukumbu ya Commune Rouge.

Serikali ya muda iliyotekeleza mauaji hayo ilifanya Gisenyi kuwa kituo chake cha mwisho, kisha katikati ya Julai ikavuka mpaka kuingia Goma. MRND ilipigwa marufuku, na kabila likaondolewa katika vitambulisho.

Miaka mingi baada ya kifo chake, umuganda bado unafanyika Rwanda, mara moja kwa mwezi, na barabara zilizochimbwa enzi zake bado zinapitwa. Jembe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika serikali iliyomdai raia utii tangu utotoni bila kumwachia haki ya kukataa, na siku amri mbaya ilipotoka, wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kuitikia.