Haskell Curry: Maisha Yaliyozaliwa na Kanuni Moja ya Ubadilishaji

Nilimfahamu Haskell Curry kwa sababu ya kosa. Nilikuwa nikiandika programu ndogo ya kutunga sentensi za Kiswahili. Niliipa sentensi hii: mtoto mzuri ameanguka. Kisha nikaiagiza iondoe neno mtoto na kuweka kitabu mahali pake. Ikanirudishia: kitabu mzuri ameanguka. Nilitafuta kosa katika maandishi ya programu, sikuliona. Kosa lilikuwa katika wazo langu. Nilidhani kuweka neno badala ya neno ni kazi nyepesi, isiyostahili hata kufikiriwa. Mtu ninayemsimulia hapa alitumia zaidi ya miaka hamsini ya maisha yake akionyesha kwamba si nyepesi hata kidogo.

Haskell Brooks Curry alizaliwa tarehe 12 Septemba 1900 huko Millis, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Nyumbani kwao lugha ilikuwa riziki. Baba yake, Samuel Silas Curry, na mama yake, Anna Baright Curry, waliongoza shule ya Boston iliyofundisha ufasaha wa kusema mbele ya watu. Mtoto wao hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1916 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akikusudia kuwa daktari. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani, naye akahamia hisabati, akamaliza mwaka 1920. Baadaye akajaribu uhandisi wa umeme, kisha fizikia, ambayo aliipatia shahada ya pili mwaka 1924, ndipo akarudi tena kwenye hisabati. Kwa sisi tunaoambiwa tuchague mapema na tusigeuke nyuma, inafariji kidogo kujua kwamba yeye aligeuka mara nne.

Jambo lililomshika lilitokea mwaka 1922. Alifungua Principia Mathematica, kitabu kikubwa cha Whitehead na Russell kilichotaka kuijenga hisabati yote juu ya mantiki. Katika kurasa za mwanzo alikutana na kanuni mbili za kufanyia kazi. Moja ilikuwa rahisi: ukiwa na jambo la kwanza, na ukajua kwamba la kwanza likiwapo la pili lipo, basi unalo la pili. Nyingine ni ile ya kuweka usemi mahali pa kigeu, yaani mahali pa herufi inayoshika nafasi tupu. Curry aliona kwamba kanuni hii ya pili ni tata kupita kiasi, na kwamba utata wake ulikuwa umefichwa. Akataka kuivunja vipande vidogo ambavyo kila kimoja kingekuwa rahisi kama kanuni ile ya kwanza.

Niuonyeshe utata huo kwa maneno yetu. Chukua kauli hii: kwa kila Y, X anamjua Y. Inamhusu X anayejua watu wote. Sasa weka mama wa Y mahali pa X. Tunapata: kwa kila Y, mama wa Y anamjua Y. Tulianza na mtu anayewajua wote, tukaishia na kauli ya kawaida kwamba kila mama anamjua mwanawe. Hakuna aliyesema uongo, ila ile Y tuliyoileta kutoka nje imenaswa na Y iliyokuwa ndani. Anayebadilisha bila kuangalia hubadilisha maana bila kujua.

Dawa ya Curry ilikuwa kuviondoa vigeu kabisa. Badala yake alitumia alama chache ambazo leo huitwa kombineta. Moja hupokea vitu viwili na kubakiza cha kwanza. Nyingine huunganisha vitendo viwili viwe kimoja. Kwa alama chache za namna hii unaweza kueleza kila kitu ambacho vigeu hueleza, bila hatari ya jina kunaswa.

Mwishoni mwa mwaka 1927, akiwa mwalimu kwa mwaka mmoja huko Princeton, alikuta katika maktaba makala ya Moses Schönfinkel, iliyochapishwa mwaka 1924. Wazo lake lilikuwa pale tayari. Kila mmoja wetu anayeandika tasnifu anaijua hofu hiyo: kufungua karatasi ya mtu mwingine na kukuta kazi yako. Curry hakuificha makala ile wala hakuacha utafiti wake. Aliuliza habari za mwandishi, akaambiwa na mwanahisabati Mrusi aliyekuwapo Princeton, Pavel Alexandrov, kwamba Schönfinkel alikuwa mgonjwa wa akili na hakutarajiwa kuandika tena. Basi Curry akaamua kwenda Göttingen, Ujerumani, mahali wazo lile lilipotokea. Alimwoa Mary Virginia Wheatley mwezi Julai 1928, na mwaka huohuo wakasafiri. Msimamizi rasmi wa tasnifu yake alikuwa David Hilbert, lakini aliyeshauriana naye zaidi ni Paul Bernays. Alitahiniwa mwezi Julai 1929, na tasnifu yake kwa Kijerumani juu ya misingi ya mantiki ya kombineta ilichapishwa mwaka 1930.

Waandishi wa programu wana desturi wanayoiita kwa jina la Curry. Ni kukipa kitendo mahitaji yake moja baada ya jingine. Kitenzi -pa kinangoja watu wawili na kitu kimoja. Kipe kitabu, kinabaki kikingoja mpokeaji na mtoaji. Kipe mpokeaji, kinabaki kikingoja mtoaji tu. Desturi hii ina jina la Curry, lakini Curry mwenyewe alisema wazi kwamba Schönfinkel alimtangulia.

Kuanzia Septemba 1929 alifundisha katika chuo cha jimbo la Pennsylvania, akakaa huko hadi mwaka 1966. Miaka hiyo haikuwa ya ushindi mtupu. Mwaka 1935 Stephen Kleene na Barkley Rosser walithibitisha kwamba mfumo wa Alonzo Church, pamoja na mfumo ambao Curry alikuwa ameupanua kutoka kombineta zake, ilikuwa na mgongano ndani yake: mtu aliweza kuthibitisha lolote. Curry alichukua muda kuuchunguza ufa huo, na mwaka 1942 akauonyesha kwa njia fupi zaidi. Fikiria sentensi inayosema kwamba, ikiwa sentensi hii ni kweli, basi mwezi ni ugali. Ukikubali sentensi ijizungumzie hivyo, kwa hatua chache za mantiki ya kawaida utalazimika kukubali kwamba mwezi ni ugali. Fumbo hilo linaitwa kwa jina lake. Ninavutiwa na mtu aliyechimba mahali nyumba yake mwenyewe ilipopasuka.

Wakati wa Vita vya Pili aliacha ualimu na kufanya kazi za hesabu za kijeshi, na mwishoni alifanya kazi na ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za elektroniki. Mwaka 1949 aliandika kuhusu namna ya kutunga programu kubwa kwa kuunganisha programu ndogo. Swali lilikuwa lilelile la mwaka 1922: unapochukua kipande na kukiweka ndani ya kingine, nini kinatakiwa kiwe salama?

Sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi ilitokea mwaka 1961, alipochapisha makala kuhusu mantiki ya muundo wa sarufi, katika kitabu kilichohaririwa na Roman Jakobson. Humo Curry alitenganisha ngazi mbili za sarufi. Ngazi ya kwanza ni ujenzi: nini kimeunganishwa na nini. Ya pili ni sura: ujenzi huo unatokeaje masikioni na kwenye karatasi. Wanaisimu wengi wa wakati ule hawakuitilia maanani, lakini wanaoshughulikia sarufi za aina zinazounganishwa kimantiki waliirudia baadaye.

Hapo ndipo kosa langu lilipofunguka. Katika ngazi ya ujenzi nilikuwa nimebadilisha jani moja tu la mchoro wa matawi: mtoto limetoka, kitabu limeingia. Lakini katika ngazi ya sura lazima vibadilike vitu vitatu: kitabu kizuri kimeanguka. Upatanisho wa ngeli haukai kwenye jani, unapita juu ya mti mzima. Programu yangu ilifanya kazi juu ya mfuatano wa maneno, kumbe ilipaswa kupandikiza kwenye mti, kisha kuuvika mti nguo. Na nguo zinaweza kutofautiana. Kiswahili sanifu husema kitabu changu, mitaani kwetu Lubumbashi husikika kitabu yangu. Mti ni mmoja, mavazi mawili. Anayesema kwamba lugha ya mtaani haina muundo ameangalia nguo tu.

Curry hakuona jinsi wengine walivyoliendeleza swali lake katika uandishi wa programu, lakini nadhani angelitambua. Kupandikiza miti kunaelezwa leo kwa dhana inayoitwa monadi. Dhana hii ilitoka katika hisabati, Eugenio Moggi akaitumia kueleza hesabu za kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1980, na Philip Wadler akaieneza kwa waandishi wa programu. Kwa miti, monadi inadai mambo machache. Jani peke yake ni mti tayari. Ukipandikiza miti mahali pa majani, unapata mti wa aina ileile. Na utaratibu wa kupandikiza hauharibu matokeo. Chukua mtoto wa X. Weka rafiki wa Y mahali pa X, kisha jirani mahali pa Y. Au anza kwa kutengeneza rafiki wa jirani, ndipo ukiweke chote mahali pa X. Kwa njia zote mbili unapata mtoto wa rafiki wa jirani. Virai nomino vyetu vinatii kanuni hizi.

Lakini sentensi je? X analala inapokea kirai nomino mahali pa X, na bado inabaki sentensi: mtoto wa jirani analala. Kinyume chake hakiwezekani. Ukichukua kitabu cha X na kuweka Juma analala mahali pa X, unapata kitabu cha Juma analala, ambacho si kirai wala sentensi. Kwa hiyo sentensi si monadi, kwa kuwa haziingii katika majani yake zenyewe. Hata hivyo zinapokea upandikizaji kwa kanuni zilezile za utaratibu. Kitu cha namna hii huitwa moduli juu ya monadi: kinapokea kutoka kwa monadi bila kuwa monadi. Mwaka 2007 André Hirschowitz na Marco Maggesi walitumia moduli hizi kueleza lugha zenye vigeu vinavyofungwa, yaani tatizo lilelile la Y kunaswa. Ikiwa sentensi inataka kuingia mahali pa nomino, lazima ipite mlangoni, na katika Kiswahili mlango mmojawapo ni amba-: mtu ambaye Juma anamjua. Mlango huo ni sehemu ya sarufi, na programu isiyoujua itakosea daima.

Curry alimaliza kazi yake ya ualimu Amsterdam, kuanzia mwaka 1966 hadi 1970. Alikuwa amechapisha mwaka 1958, pamoja na Robert Feys, juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha mantiki ya kombineta. Ya pili, aliyoiandika pamoja na Roger Hindley na Jonathan Seldin, ilitoka mwaka 1972. Alifariki tarehe 1 Septemba 1982 huko State College, Pennsylvania, siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka 82.

Mwaka 1990 ilitolewa ripoti ya kwanza ya lugha ya programu iliyopewa jina lake la kwanza, Haskell. Wabunifu wake walikwenda kumwona mjane wake kuomba ridhaa. Aliwakubalia, na walipokuwa wakiondoka akawaeleza kwamba mumewe hakuwahi kulipenda jina hilo. Wakaliacha lilivyo.

Programu yangu sasa inasema kitabu kizuri kimeanguka. Ilinibidi niiandike upya yote, kwa miti, huku virai nomino vikiwa monadi na sentensi zikiwa moduli juu yake. Upatanisho unakuja mwisho, na kuna mavazi mawili ya kuchagua.